Jedwali la Saa Kumi na Saba: Kisa cha Familia Moja Likizoni Melini

## Usuli

Familia ya watu wanane wenye asili ya mwambao wa Afrika Mashariki, wakazi wa Texas, ilipanda meli ya kitalii katika bandari ya Galveston mwezi wa Juni kwa safari ya usiku saba. Majina, mwaka, jina la meli na kampuni yake vimeondolewa, pamoja na chochote ambacho kingemfanya jirani yao aseme "kumbe ni fulani."

Waliosafiri ni Baba na Mama, wote wafanyakazi wa zamu. Watoto wao wanne (kijana wa miaka 15, binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 7 na kitinda mimba wa miaka 2). Bibi mzaa baba, mwenye miaka 71, anayetembea vizuri ila ngazi nyingi humsumbua goti. Na Mama mdogo, miaka 26, mdogo wake Mama. Ni Waislamu wanaosali na hawanywi pombe. Hakuna aliyewahi kupanda meli ya aina hii. Bibi alishasafiri sana kwa jahazi na boti za abiria za kwao, akadhani ni mambo yaleyale.

Njia ilikuwa ya kawaida kwa meli za Galveston: siku ya 1 kuondoka, siku ya 2 na ya 3 baharini, siku ya 4 Roatán nchini Honduras, siku ya 5 Costa Maya na siku ya 6 Cozumel, zote Mexico, siku ya 7 baharini tena, na asubuhi ya siku ya 8 kurudi. Yaani kati ya siku sita za katikati, tatu ni maji matupu. Umbali ndio unaoamua, kwa kuwa kutoka Galveston hadi Roatán ni zaidi ya maili 900 za baharini. Mnunuzi wa tiketi hulipita jambo hili haraka kwa sababu macho yake yako kwenye picha za fukwe.

Walichukua vyumba vitatu. Baba, Mama na kitinda mimba walipata chumba cha ndani kisicho na dirisha, deki ya 10, mbele kabisa upande wa omo. Kijana na mvulana wa miaka 7 walikuwa chumba cha pembeni yao. Vyumba hivi viwili vilinunuliwa kwa bei ya chini ambayo sharti lake ni kwamba kampuni ndiyo inayochagua mahali. Bibi, Mama mdogo na binti walikuwa deki ya 8, katikati ya meli, chumba chenye roshani. Tofauti hii ya mahali itakuja kuwa na maana.

## Mpango ulivyokuwa

Baba alipata ratiba ya burudani ya safari iliyotangulia ya meli hiyohiyo, akatengeneza jedwali kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano usiku. Ni saa kumi na saba kila siku. Siku za baharini zilipewa shughuli kumi na moja: mazoezi, kifungua kinywa, bwawa, mitelezo ya maji, ukuta wa kukwea, darasa la kukunja taulo kwa maumbo ya wanyama, chakula cha mchana, chemshabongo, sinema ya nje, chakula cha jioni, onyesho la ukumbini. Wote wanane pamoja, kila shughuli.

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Walidunduliza miaka miwili, na karibu kila kilichomo melini kilikuwa kimeshalipiwa ndani ya nauli. Kukiacha aliona ni kutupa pesa.

Jedwali lilikuwa na mapengo mawili yasiyoonekana kwenye karatasi. La kwanza ni muda wa kuhama. Watu wanane wenye mtoto mdogo na mzee, kwenye meli yenye maelfu ya abiria wanaogombea lifti saa ileile, hutumia dakika 15 hadi 20 kutoka shughuli moja hadi nyingine: choo, kandambili zilizosahaulika, lifti mbili zilizojaa. Shughuli kumi na moja zina mihamo kumi. Hapo zimeshakwenda takribani saa tatu ambazo jedwali halikuzihesabu. La pili ni sala. Hakuna mahali palipoandikwa adhuhuri wala alasiri, ingawa kila mtu nyumbani husali.

Matembezi ya nchi kavu yalinunuliwa mapema kwa kampuni ya meli: Roatán, tiketi nne za kuteleza kwenye waya juu ya miti, Costa Maya, tiketi saba za magofu ya Wamaya ya Chacchoben, Cozumel, siku ya ufukweni kwa wote wanane.

Jambo moja lilifanywa vizuri tangu mwanzo. Mama aliiandikia kampuni kuhusu chakula halali zaidi ya miezi miwili kabla, akachagua zamu ya kwanza ya chakula cha jioni, saa kumi na mbili, meza moja kila siku na wahudumu walewale.

## Siku ya kwanza

Walipangiwa kuingia bandarini saa saba mchana. Walifika saa tano na nusu. Kufika kabla ya muda uliopangwa hakukupi nafasi ya mbele, kwa hiyo walisimama juani hadi zamu yao ilipofika. Ndani, walikwenda moja kwa moja kwenye bafe, kama walivyofanya karibu abiria wote, wakakaa foleni dakika 35. Ukumbi mkubwa wa chakula, deki kadhaa chini, ulikuwa wazi na meza tele. Siku ya kupanda, meli nyingi hufungua ukumbi huo mchana na wageni hawajui.

Wakati wapo kwenye foleni, klabu ya watoto ilikuwa ikiandikisha. Walipokumbuka, dirisha lilikuwa limefungwa hadi usiku.

Nguo za kuogelea zilikuwa kwenye masanduku makubwa waliyoyakabidhi gatini. Masanduku hayo hupita ukaguzi, kisha husambazwa vyumbani moja moja, na yao yalifika karibu saa moja usiku. Watoto walikaa kando ya bwawa na jinzi. Nepi zilibaki mbili. Mfuko mmoja wa mkononi ungetosha kuyazuia haya yote: nguo ya kuogelea ya kila mtu, dawa, nepi za siku nzima, chaja, kanga moja na hati za safari.

Zoezi la usalama lilipita bila tatizo. Video walitazama kwenye simu, kisha wakaenda kuonyesha kadi zao kwenye kituo chao cha kukusanyikia na kusikia mlio wa dharura: honi fupi saba na moja ndefu. Sheria za kimataifa za usalama baharini zilikazwa baada ya meli ya Costa Concordia kuzama Italia Januari 2012, na sasa zoezi hilo lazima likamilike kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka. Hakuna kulikwepa, kwa hiyo ni afadhali kulimaliza mara tu unapopanda.

## Siku ya pili: jedwali lavunjika

Usiku bahari ya Ghuba ilichafuka kidogo. Katikati ya meli watu walihisi mtikisiko tu. Chumba cha omo, deki ya 10, kilikuwa kikipanda na kushuka. Mama aliamka akitapika. Sababu ni ya kimaumbile: meli huyumba kwa kuzunguka sehemu yake ya kati, hivyo anayelala mwisho wake na juu husogea umbali mrefu zaidi kuliko anayelala katikati na chini. Bei ndogo ya chumba ilikuwa na sababu yake.

Wengine saba walifuata jedwali. Kufika bwawani saa tano asubuhi, hakukuwa na kiti hata kimoja cha kulalia. Vingi vilikuwa na taulo na kitabu bila mtu. Kitinda mimba, akiwa na nepi ya kuogelea, alizuiwa kuingia majini. Baba alilalamika kwamba nepi ile imeandikwa kuwa ni ya bwawani, lakini mhudumu hakuwa na la kufanya. Meli zinazofanya safari kutoka Marekani hukaguliwa kwa kanuni za afya za nchi hiyo, na mtoto asiyejua kwenda choo haingii kwenye bwawa la kawaida hata akivaa nepi ya aina gani. Palikuwa na sehemu ya maji ya kuchezea watoto wa nepi nyuma ya meli, umbali wa dakika nne kwa miguu. Hakuna aliyejua.

Saa sita, binti alikuwa wa tatu kwenye foleni ya ukuta wa kukwea. Jedwali likasema chakula. Akatolewa. Bibi aliachwa kwenye ukumbi wa maonyesho "apumzike", akakaa saa moja na nusu kwenye baridi ya viyoyozi akiwa amejitanda kanga, hajui chumba chake kiko upande gani, na adhuhuri ilikuwa ikimpita. Kijana alitoweka saa nane. Alipatikana saa kumi kwenye kibanda cha aiskrimu, akiwa peke yake na furaha tele.

Jioni ilikuwa ile ya kuvaa rasmi. Mezani, wamependeza wote, binti akalia. Bibi akaweka uma chini, akamwambia Baba: "Mwanangu, mimi nimekuja kupumzika, au nimekuja kuhesabiwa?"

## Uamuzi wa usiku wa pili

Kikao kilifanyika chumbani kwa Bibi, deki ya 8, ambako Mama angeweza kukaa bila kutapika. Mama mdogo ndiye aliyeleta pendekezo: "Shemeji, tusifute mipango yote. Tuache kitu kimoja tu kwa kila mtu, na chakula cha jioni." Walikubaliana mambo yafuatayo, na sababu zake zinafaa kuelezwa kwa sababu ndizo zilizobeba safari iliyobaki.

Kila mtu atachagua jambo moja kwa siku, ambalo wengine hawaruhusiwi kulivuruga. La pili na la tatu likitokea, ni ziada. Mtoto wa miaka 7 naye anachagua, na hakosolewi. Chaguo huandikwa usiku nyuma ya ratiba iliyochapishwa ambayo mhudumu wa chumba huileta, kisha karatasi hubandikwa kwa sumaku ukutani. Kuta za vyumba vya meli nyingi ni za chuma, na sumaku moja ya duka la zawadi inatosha.

Wote hukutana mara moja tu: meza ya jioni saa kumi na mbili. Saa hii iliachwa kwa sababu ya kivitendo kabisa. Kila jioni msimamizi wa wahudumu alileta orodha ya chakula cha kesho ili kina Mama wachague mapema, na jikoni waandae yao kando. Ukikosa meza, kesho yake unakula samaki na mbogamboga za bafe. Hakuna ubaya, ila umepoteza ulichokiomba miezi miwili kabla.

Kitinda mimba atalelewa kwa zamu. Asubuhi hadi saa sita ni Mama mdogo, mchana usingizi wa mtoto ni wa Bibi kwa hiari yake mwenyewe, alasiri ni Baba, usiku ni Mama. Klabu ya watoto ya meli hii ilianzia miaka mitatu, hivyo hapakuwa na msaada mwingine.

Mawasiliano yatakuwa kwa ujumbe ndani ya programu ya simu ya meli, iliyotozwa mara moja kwa kila simu. Walilipia tatu. Simu zote zikawekwa hali ya ndege, kwa sababu mtandao wa simu wa baharini hutoza ghali bila kukuuliza. Wasio na simu walipewa mahali na saa: mbele ya ngazi kuu, deki ya 5, saa sita na saa kumi.

Mwisho, tiketi za matembezi. Muda wa kufuta ulikuwa saa 48 kabla ya kufika bandarini. Za Costa Maya zilifutwa zote saba usiku huohuo, pesa ikarudi. Za Roatán zilikuwa zimebakiza saa 36 hivi. Mbili kati ya nne zilikuja kupotea.

## Siku ya tatu

Hii ndiyo siku iliyofaulu kuliko zote, na ilikuwa siku ya bahari tupu, ile waliyoiogopa.

Baba na mvulana wa miaka 7 walikuwa bwawani saa moja na nusu asubuhi. Viti vilikuwa wazi, maji yalikuwa na watu watano. Saa tatu na nusu, umati ulipoanza kuingia, wao walikuwa wanatoka. Mvulana akaenda klabu ya umri wa miaka 6 hadi 8 na hakutaka kutoka hadi alasiri. Binti alikwea ukuta mara mbili, bila mtu kumwita.

Mama alimeza kidonge cha kuzuia kutapika alichopewa kwenye dawati la huduma, akahamia mchana kwenye roshani ya Bibi. Alikula biskuti kavu na tangawizi, akakaa akitazama mstari wa upeo wa macho, akalala saa tatu. Dawa hizi huleta usingizi, na hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa kabla ya bahari kuchafuka. Angeanza siku ya kwanza jioni, huenda siku ya pili isingempotea.

Bibi alichagua kufuma. Kwenye ratiba palikuwa na mstari mdogo sana: wafumaji hukutana saa nne, chumba cha kuchezea karata. Alikwenda na kindoo chake cha nyuzi, akakuta kina mama na baba mmoja wa makamo kutoka Louisiana, hawana lugha ya pamoja zaidi ya mishono. Aliporudi adhuhuri alikuwa na mtindo mpya wa ukingo wa kitambaa. Mikutano midogo ya aina hii haitangazwi kwa vipaza sauti kwa sababu haiuzi kitu. Huwa chini ya ratiba, kwa herufi ndogo, na kwa mtu mzima asiyetaka kelele ndiyo burudani bora ya melini.

Kuhusu kibla, dira ya simu ilimpoteza akiwa chumbani, kwani chuma cha meli huvuta sindano. Kijana alimwonyesha chaneli ya televisheni inayoonyesha ramani na uelekeo wa meli. Kutoka Ghuba ya Mexico kibla kiko upande wa kaskazini-mashariki, hivyo meli ikielekea kusini-mashariki, mtu huelekea kushoto kwa omo. Bibi alikusanya na kupunguza sala kama msafiri, na adhuhuri na alasiri zikapata nafasi moja tulivu baada ya chakula cha mchana.

## Roatán na saa ya simu

Siku ya nne familia iligawanyika makundi matatu. Baba na kijana waliteleza kwenye waya. Mama alibaki melini na watoto wawili wadogo, na hapa ndipo alipogundua kinachowapita wengi: meli ikiwa bandarini huwa tupu. Foleni ya mitelezo ya maji iliyokuwa dakika 40 siku ya pili haikuwepo kabisa. Mvulana alipanda na kuteleza hadi miguu ikachoka.

Bibi, Mama mdogo na binti walikodi dereva wa hapo bandarini kwa bei waliyoelewana kabla ya kupanda gari, malipo baada ya kurudi, hadi Punta Gorda, mwendo wa dakika 40 hivi. Hiki ni kijiji cha Wagarifuna, watu wenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa visiwa vya Karibi, ambao Waingereza waliwafukuza kutoka kisiwa cha St Vincent na kuwashusha Roatán tarehe 12 Aprili 1797. Lugha, ngoma na muziki wao vilitangazwa na UNESCO kuwa urithi mwaka 2001. Bibi alikaa jikoni. Walimwonyesha muhogo uliokunwa ukikamuliwa kwenye mfuko mrefu wa kusukwa uitwao ruguma, kisha unga wake ukiokwa kuwa mkate mwembamba. Walipika samaki kwa tui, wakamla na ndizi za kutwanga. Nazi, muhogo, ndizi, samaki: Bibi hakuhitaji mkalimani, na alikosoa uzito wa tui.

Kisha nusura waachwe. Abiria walitakiwa kuwa ndani ya meli saa tisa na nusu alasiri kwa saa ya meli. Mama mdogo alikuwa ameondoa hali ya ndege ili atafute mtandao, na simu ikajirekebisha kwa saa ya Honduras. Nchi hiyo haisogezi saa kiangazi. Texas husogeza, na meli ilibaki na saa ya Texas. Mwezi wa Juni Roatán iko nyuma kwa saa moja. Simu ilisema saa saba na dakika 35, naye akahesabu kwamba wana karibu saa mbili. Kwa saa ya meli ilikuwa saa nane na dakika 35. Aliyewaokoa ni dereva. Madereva wa bandarini huishi kwa saa za meli, na alikuwa ameuliza jina la meli yao kabla hata ya kutaja bei. Walipita lango la gati saa tisa na dakika 18.

Dakika kumi na mbili zilizobaki zilikuwa na uzito kuliko walivyojua. Binti alisafiri kwa cheti cha kuzaliwa, jambo linaloruhusiwa kwa raia wa Marekani aliye chini ya miaka 16 kwenye safari inayoanza na kuishia bandari moja ya Marekani. Lakini cheti hakimpandishi ndege. Wangeachwa, Mama mdogo mwenye pasipoti angeweza kuruka kuiwahi meli au kurudi nyumbani. Binti angehitaji kwanza pasipoti ya dharura kutoka ubalozi wa Marekani ulioko Tegucigalpa, na Tegucigalpa haiko kisiwani. Juu ya hayo, cheti chenyewe kilikuwa kwenye kisanduku cha usalama chumbani. Meli huwasubiri walio kwenye matembezi yake yenyewe yanapochelewa. Hawa walikwenda kivyao.

## Siku zilizobaki

Costa Maya walishuka kwa saa mbili tu, wakatembea gati refu, watoto wakaogelea kwenye bwawa la kijiji cha bandarini, wakarudi melini kabla ya joto la saa sita. Cozumel walikwenda wote wanane ufukweni kama walivyolipia, na ilifaa: baada ya siku tatu za kugawanyika, kukaa pamoja hakukuwa adhabu.

Kijana, aliyeapa kwamba klabu ya vijana ni ya watoto, aliingia usiku wa tatu "kuangalia tu". Kuanzia hapo alionekana kwenye meza ya jioni na kifungua kinywa tu. Wazazi walimwekea saa ya kurudi chumbani, tano na nusu usiku, mapema kuliko saa saba ya usiku ambayo meli yenyewe iliwawekea walio chini ya umri.

Siku ya saba ilipita kwa kufuma, kukwea na kufunga mizigo. Masanduku yalitakiwa nje ya mlango kabla ya saa tano usiku, na safari hii mfuko wa mkononi ulikuwa na nguo za asubuhi. Kijana mmoja wa meza ya jirani aliteremka akiwa amevaa pajama.

## Uchambuzi: kilichofaa

Kanuni ya chaguo moja ilifanya kazi kwa sababu ilibadilisha kinachohesabiwa. Jedwali lilihesabu shughuli zilizomalizwa, na kila iliyokosekana ikawa hasara. Chini ya kanuni mpya, siku ilikuwa imetimia pale kila mtu alipopata lake, mara nyingi kabla ya saa saba mchana. Muda uliobaki ukawa wao. Siku ya tatu walifanya karibu shughuli nyingi kama zilizokuwa kwenye jedwali ukijumlisha za watu wote wanane, ila hapakuwa na mtu aliyefanya zaidi ya tatu.

Kugawanyika peke yake kusingetosha. Familia nyingi hugawanyika melini kwa ugomvi na hazionani hadi Galveston. Meza ya saa kumi na mbili ndiyo iliyofanya mgawanyiko uvumilike kwa Bibi, ambaye kwake likizo ya familia isiyokula pamoja haikuwa likizo.

La kuigwa zaidi ni kwenda kinyume na umati: bwawa kabla ya saa tatu asubuhi, mitelezo siku za bandari, ukumbi wa chakula badala ya bafe siku ya kwanza. Haligharimu chochote. Linataka mtu akubali kwamba kati ya siku za bandari, moja inaweza kutumika melini bila kujiona ameibiwa nchi. Kwa bandari tatu, tungesema ibaki moja, na iwe ile ambayo matembezi yake ni marefu ya basi.

## Kilichoshindikana

Chumba cha omo kilikuwa kosa la ununuzi ambalo halikurekebishika baharini. Meli ilikuwa imejaa. Mwenye historia ya kutapika garini asinunue tiketi ya "mahali popote". Alipe tofauti, achukue katikati, deki za chini. Kwa familia hii kubadilishana vyumba usiku wa pili kuliwezekana, na hakuna aliyelifikiria: Mama angelala deki ya 8, na binti akachukua kitanda chake cha omo.

Suala la saa lingezuiwa kwa saa ya mkononi ya bei ndogo iliyowekwa saa ya meli na kutoguswa. Simu ikilazimika kutumika, zima kipengele cha kujirekebisha saa kabla ya kushuka. Tena hatari hii ina msimu na upande. Kiangazi ni Roatán inayokudanganya kwamba una muda. Cozumel na Costa Maya ziko kwenye jimbo la Quintana Roo, ambalo tangu 2015 lina saa moja mwaka mzima: kiangazi iko sawa na Texas, na wakati wa baridi iko mbele kwa saa moja, hivyo simu inakuharakisha bure, nawe unarudi mapema na kununua soda.

Tiketi mbili za waya zilipotea kwa sababu zilinunuliwa kabla mtu hajamuuliza binti kama anataka. Aliogopa urefu wa aina ile, ingawa ukuta wa kukwea aliupenda. Kwa safari ya kwanza, bora kununua mapema tembezi moja la wote, mengine yasubiri usiku wa kwanza melini, na tarehe ya mwisho ya kufuta kila moja iandikwe kwenye karatasi ya ukutani.

Anabaki Baba. Karatasi tano za chaguo zilihifadhiwa, na mstari wake unasomeka hivi: bwawa na mvulana, waya na kijana, bwawa la bandarini na watoto, ufukweni na wote, kufunga mizigo. Hakuna hata siku moja iliyokuwa na jambo la kwake peke yake, na siku ya nane alirudi kazini na uchovu uleule. Kanuni ilisema kila mtu achague; haikusema nani ataangalia kama kila mtu amechagua kweli. Safari nyingine, karatasi yake iandikwe na mtu mwingine, Mama au hata Bibi, na zamu yake ya alasiri na kitinda mimba ipewe kijana kwa siku mbili kati ya tano. Ana miaka 15, anajua kubadilisha nepi, na aiskrimu alishaonyesha kwamba anajua iliko.